KILOMITA AU SAA? Hesabu ya Safari ya Aliyefunga, kutoka Chepseon hadi Jeddah

(Mada iliyotolewa Chepseon mbele ya vijana na wazazi, katika mwezi wa Ramadhan, baada ya sala ya Alasiri)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

 Nawashukuru kwa kukaa. Najua ni saa ngumu hii. Jua bado liko juu ya majani chai, tumbo limeanza kuuliza maswali, na jikoni kuna kazi inawangoja. Kwa hivyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Mada niliyopewa ni ya safari. Swali lake ni jepesi: kutoka hapa hadi Jeddah ni mbali kiasi gani, na ndege huchukua saa ngapi? Lakini ukilifungua swali hili utakuta ndani yake mambo ya saumu, ya sala, ya tiketi, na hata ya uhai wa mtu. Vijana wetu siku hizi wanasafiri. Kuna wanaokwenda Umra, wanaokwenda kazini Ghuba, wanaokwenda chuo Nairobi na kurudi. Na mara nyingi safari hizo huangukia Ramadhan. Sasa kijana akiulizwa, "Wewe ni msafiri au si msafiri? Unafungua saa ngapi?" anabaki kutazama simu. Basi leo tuifanye hesabu pamoja.

Mbali kwa kilomita, karibu kwa saa

Tuanze na ramani. Ukichora mstari ulionyooka kutoka hapa Chepseon hadi Makka, utapata karibu kilomita 2,450. Mstari huo unaelekea kaskazini na kuinama mashariki kidogo tu, kama digrii 11. Ndiyo maana kibla chetu hapa si cha kubahatisha. Ukijua kaskazini iko wapi, umeshakijua kwa sehemu kubwa.

Lakini hakuna ndege inayoruka kutoka hapa hadi Makka. Safari yenyewe ina vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni barabara: Chepseon, Mau Summit, Nakuru, Naivasha, hadi Nairobi. Hizo ni zaidi ya kilomita 200. Kipande cha pili ni anga: kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi Jeddah, karibu kilomita 2,570. Kipande cha tatu ni barabara tena: Jeddah hadi Makka, karibu kilomita 80.

Sasa tazama saa zake. Kile kipande kirefu, cha kilomita elfu mbili na zaidi, ndege ikienda moja kwa moja hukikata kwa muda wa saa nne hivi. Na hiki kifupi cha hapa hadi Nairobi? Saa tano, siku nyingine sita, na ukikuta msongamano wa malori au ukungu wa Mau, wewe utajua mwenyewe. Tena kazi ya kuipanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa mwishoni mwa 2025, na penye ujenzi pana kusimama na kuzunguka. Kumbe masafa yaliyo mara kumi huchukua saa chache kuliko masafa madogo!

Kuna anayesema, "Basi mimi nitakwenda Kisumu nipande ndege, nifike Nairobi haraka." Nairobi na Kisumu kwa anga ni karibu kilomita 280, na ndege huruka chini ya saa moja. Lakini piga hesabu yote. Utoke hapa mpaka uwanja wa Kisumu, saa mbili. Ufike mapema kwa ukaguzi, saa moja na zaidi. Uruke. Ushuke, ungoje mzigo, halafu uingie foleni ya magari ya Nairobi. Ukijumlisha utakuta uko palepale na yule aliyepanda matatu hapa steji. Saa ya ndege si saa ya safari. Mtu asikudanganye kwa kile kilichoandikwa kwenye tangazo.

Na hata hiyo saa ya ndege haikai mahali pamoja. Ndege kubwa ya abiria huenda kilomita 850 hadi 900 kwa saa ikiwa juu, lakini wakati wa kupaa na wa kutua huenda polepole zaidi. Halafu kuna upepo. Huko juu, upande wa kaskazini wa dunia, uko upepo wenye nguvu uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege ikiufuata inasukumwa, ikikabiliana nao inachelewa. Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja Nairobi na New York, Oktoba 2018, kwenda ilipangiwa kama saa 15 na kurudi kama saa 14. Njia ni ile ile, lakini saa nzima imechukuliwa na upepo. Tena kuna mambo ya wanadamu. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, anga ya nchi ile ilifungwa, na ndege zilizokuwa zikipita pale zikalazimika kuzunguka. Vita viko chini, lakini anayepita juu naye analipa.

Saa tatu ya tiketi si saa tatu yetu

Kabla hatujaingia kwenye saumu, kuna jambo moja la tiketi ambalo limewaliza watu wengi. Sisi Waswahili tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Tiketi haijui hivyo. Tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane, na huhesabu mpaka 24.

Kwa hivyo tiketi ikisema 03:00, hiyo si saa tatu asubuhi. Hiyo ni saa tisa ya usiku, watu wako daku! Ukifika uwanjani asubuhi na begi lako, ndege imeshatua Jeddah na abiria wanatafuta mabegi yao. Na ikisema 00:30 siku ya Jumamosi, maana yake ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Jumamosi. Ijumaa jioni uwe umeshafika uwanjani. Ukingoja Jumamosi jioni, umechelewa siku nzima. Mzazi unayempeleka mtoto, tafadhali chukua kalamu uandike kando ya tiketi saa yetu ya Kiswahili, kisha msomee mwenzako akuhakikishie.

Jambo la pili: kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji ule. Kenya na Saudia zinatumia saa moja, kwa hivyo Nairobi hadi Jeddah huna cha kubadilisha. Dubai imetangulia kwa saa moja. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto. Ukitoka Nairobi saa tatu asubuhi katika Desemba na kufika London saa tisa mchana ya kule, usiseme ndege imekwenda saa sita. Ongeza zile tatu, ni saa tisa.

Wanavyuoni walipima kwa nini?

Sasa tuingie kwenye sheria. Allah (S.W.) katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, amempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula katika Ramadhan na kuzilipa siku zile baadaye. Na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 101, imekuja ruhusa ya kupunguza sala safarini. Aya hazikutaja kilomita. Zimetaja safari. Ndipo wanavyuoni wakauliza: safari ni ipi? Mtu akitoka hapa kwenda Kericho mjini kununua sukari, huyo ni msafiri?

Imepokewa kwamba Ibn Umar na Ibn Abbas (R.A.) walikuwa wakipunguza sala na kufungua katika masafa ya burud nne, yaani farsakh 16, ambazo ni maili 48 za zamani. Kwa vipimo vya leo wanavyuoni wengi wameziweka kwenye kilomita 80 na kitu. Huo ndio msimamo wa Shafi, Maliki na Hanbali. Hanafi wao wamesema mwendo wa siku tatu. Na Ibn Taymiyya alisema kwamba hakuna mpaka wa maili, bali kile ambacho watu kwa ada yao wanakiita safari, hicho ndicho safari.

Nataka vijana mtazame hapa vizuri. Katika fiqhi yetu ya Shafi, zile maili 48 zinaitwa marhala mbili, na marhala ni mwendo wa siku moja wa ngamia aliyebeba mizigo. Siku mbili za ngamia, kama kilomita 40 kila siku. Maana yake ni kwamba kipimo cha kilomita kilizaliwa kutokana na muda. Walipima uchovu wa siku mbili, wakaugeuza kuwa masafa ili kila mtu aweze kuyajua.

Hapo sasa kijana mjanja atasema, "Basi ustadh, kama asili yake ni uchovu wa siku mbili, mimi ninayeruka kwa saa nne nimekaa kwenye kiti laini, ruhusa yangu imetoka wapi?" Swali zuri. Na jibu lake halikungoja ndege itengenezwe. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake cha Minhaj ambacho kimesomeshwa katika madrasa za pwani yetu vizazi na vizazi, alitaja mtu anayesafiri baharini. Akaeleza kwamba bahari hukumu yake ni kama nchi kavu, na hata msafiri akizimaliza zile maili kwa muda wa saa moja, anapunguza sala. Subhanallah! Zaidi ya miaka mia sita kabla ya ndege, mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Masafa yakishatimia, mwendo wa kasi hauiondoi ruhusa.

Basi tuipime mitaa yetu. Chepseon hadi Kericho mjini haifiki. Anayekwenda kazini kila siku kule ni mkaazi, afunge. Chepseon hadi Kisumu inavuka. Hadi Nairobi inavuka mbali. Nakuru iko pale pale karibu na mpaka, kwa hivyo mtu asikisie. Atazame kilomita za barabara atakayopita, na amuulize sheikh wake kabla ya kula chochote.

Alfajiri imekukuta wapi?

Hapa pana kosa linalofanyika sana. Kijana ana safari ya saa nne asubuhi. Anaamka, anakunywa chai na mandazi nyumbani, anasema, "Leo mimi ni msafiri." Hapana. Safari haianzi kwenye nia, wala haianzi ukinunua tiketi. Inaanza ukishatoka katika majengo ya mji wako.

Na katika madhehebu ya Shafi, aliyepambaukiwa na alfajiri akiwa mkaazi na amefunga, kisha akasafiri mchana wake, siku hiyo anaikamilisha, isipokuwa akipata dhiki isiyovumilika. Aliyetoka mji kabla ya alfajiri ndiye mwenye ruhusa kamili ya siku ile. Hanbali wao wanaruhusu hata kwa aliyetoka mchana. Kwa hivyo saa ya kuondoka ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Gari la saa tisa usiku na gari la saa mbili asubuhi, nauli ni moja lakini hukumu ni mbili.

Je, bora ni kufunga au kula? Sahaba Hamza bin Amr al-Aslami (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) jambo hili hili, akapewa hiari: akitaka afunge, akitaka ale. Masahaba walikuwa wakisafiri naye, huyu amefunga na huyu amekula, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Na katika mwaka wa 8 wa Hijra, safari ya ufunguzi wa Makka, Mtume (S.A.W.) mwenyewe alifunga mpaka alipofika Kadid, akafungua na watu wakafungua. Shafi wanasema kufunga ni bora kwa asiyepata tabu, na kula ni bora kwa mwenye kudhurika. Basi tusiwe na ile tabia ya kumtazama mwenzako kwenye matatu akinywa maji ukanong'ona, "Angalia huyu!" Hujui alfajiri ilimkuta wapi.

Jua lako ni lile unaloliona

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa hata sisi tusiosafiri. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24. Kila digrii moja ni dakika 4. Mombasa iko mashariki yetu kwa zaidi ya digrii 4. Piga hesabu: jua la Mombasa hutangulia kuzama kuliko la hapa kwa robo saa hivi, na huzidi au kupungua kidogo kwa kufuata miezi. Nairobi nayo hututangulia kwa dakika kama 5.

Mnaona ninakoelekea? Ukifungulia adhana ya redio inayotoka Mombasa, na wewe umekaa Chepseon, umekula mchana! Tende umeitia mdomoni na jua liko juu ya kilima. Umeshinda na njaa saa kumi na tatu, kisha umeiharibu saumu kwa dakika 15. Jamaa, tufuate ratiba ya hapa kwetu, au tutazame magharibi kwa macho.

Kwenye ndege mambo yanazidi. Abiria aliye juu, kama mita 11,000, anaona mbali kuliko aliye chini. Kwa hivyo jua kwake huchelewa kuzama kwa kiasi cha dakika 12 hivi. Watu wa mji ulio chini yake wameshafungua, wanasali, na yeye dirishani jua linamwangaza usoni. Afanye nini? Wanavyuoni wamejibu: yeye anafuata jua analoliona yeye. Halijazama kwako, hujafungua. Si saa ya Nairobi uliyoiacha, wala si saa ya Jeddah unayoiendea. Jambo hili hata kwenye majumba limeingia. Mwaka 2011 wanavyuoni wa Dubai waliwaambia wanaokaa juu sana katika lile jengo la Burj Khalifa wangoje dakika 2, na wale wa juu kabisa dakika 3, kwa sababu wao bado wanaliona jua.

Lakini ukishafungua uwanjani kwa jua lililozama, halafu ndege ikapaa ukaliona tena, usiwe na wasiwasi. Siku yako imeshakamilika, wamesema wanavyuoni wengi wa zama hizi.

Na upande unaoelekea una hesabu yake. Ukiruka kwenda mashariki unakutana na usiku, mchana wako unafupika. Ukiruka kwenda magharibi unalikimbiza jua. Chukua Ramadhan ya 2015 au 2016, iliyoangukia Juni. Mtu aliyekula daku Nairobi saa 11 alfajiri, akaruka mchana kwenda London, jua la kule lilizama saa 3:20 usiku ya London, ambayo kwetu ni saa 5:20 usiku. Hiyo ni saumu ya zaidi ya saa 18! Hapo ndipo utajua ruhusa ya msafiri ni rehma.

Jeddah yenyewe, ingawa saa yake ni yetu, jua lake si letu. Sisi wa Ikweta, magharibi yetu haisogei sana: mwaka mzima hubaki takriban kati ya saa 12 na nusu na saa moja kasoro jioni. Jeddah, mwishoni mwa Novemba jua huzama kama saa 12 kasoro dakika 20, na Juni huchelewa mpaka saa moja na dakika chache. Na kwa kuwa Ramadhan hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, msafiri wa mwaka huu asitumie hesabu ya aliyekwenda miaka kumi iliyopita. Mwaka 2030, inshaallah, Ramadhan itaingia mara mbili, Januari na Desemba.

Kwa anayekwenda Umra, neno moja la ziada. Ndege hukata kilomita 14 kila dakika. Mikati inapita chini yako kama steji ndogo mbele ya basi la haraka. Vaa ihramu mapema, uwanjani Nairobi ukipenda, na ukisikia tangazo weka nia hapo hapo. Ukisema "ngoja nimalize usingizi dakika kumi," umeshaipita kwa kilomita 140.

Dakika 12 za kufa

Ndugu zangu, nimeliacha hili la mwisho kwa sababu ndilo zito. Tumesema kipande kigumu cha safari ni barabara hii iliyo mbele yetu. Oktoba 10, 2018, basi lililotoka Nairobi usiku lilianguka Fort Ternan, watu zaidi ya 50 wakafa. Juni 30, 2023, pale makutano ya Londiani, lori liliwaparamia watu waliokuwa kando ya barabara wakiuza na wakingoja magari. Zaidi ya 50 tena. Hayo si mambo ya kusoma gazetini, ni hapa jirani. Wengine wenu mlizika.

Sasa Ramadhan jioni tazama barabara. Dereva amefunga, abiria wamefunga, kila mtu anataka futari ya nyumbani. Abiria ndiye anayemhimiza dereva: "Kanyaga, bwana, adhana inakaribia!" Hebu tupige hesabu. Mau Summit hadi Kericho ni karibu kilomita 60. Kwa mwendo wa 80, ambao ndio mpaka wa sheria kwa matatu na mabasi, utatumia dakika 45. Kwa mwendo wa 110, utatumia kama dakika 33. Umeokoa dakika 12. Dakika 12, kwenye ukungu, mteremko na malori, ili ule kaimati za moto!

Sunna ya kuharakisha kufungua ni kufungua pale jua linapozama, popote ulipo. Haikusema ufungulie nyumbani. Tia tende tatu mfukoni na chupa ya maji. Jua likizama ukiwa Londiani, fungua ukiwa Londiani. Mama, mtoto wako akipiga simu kwamba yuko njiani, usimwambie "harakisha, chakula kinapoa." Mwambie "polepole mwanangu, tutakupashia."

Maswali yaliyoulizwa

*Mimi nasoma Nairobi. Nikiwa kule chuoni ni msafiri?*
Njiani ni msafiri. Ukifika na unajua utakaa siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, katika Shafi umekuwa mkaazi. Funga na usali kamili.

*Mume wangu ni dereva, anapeleka chai mnadani Mombasa. Kila wiki yuko njiani. Atakula Ramadhan yote?*
Safari yake ni zaidi ya kilomita 700, na kuwa safari ndiyo kazi yake hakumnyimi ruhusa. Lakini deni la siku 30 ni zito. Siku anazokaa nyumbani afunge, na zile alizokula azilipe kabla ya Ramadhan nyingine. Na akihisi usingizi au kizunguzungu kwenye usukani, afungue. Nyuma yake kuna roho za watu.

*Binti yangu anakwenda kazini Ghuba, ndege ni ya usiku. Nimwambie nini?*
Mwambie ale daku uwanjani au ndani ya ndege kabla ya alfajiri anayoiona dirishani, akitaka kufunga. Sala asiiache. Asimame kama pana nafasi, aulize kibla, na akishindwa asali alivyoweza. Akifika abadilishe saa ya simu, na saumu yake aifuate ya mji ule. Halafu mpe nakala ya pasipoti na tiketi, na nyingine ubaki nayo wewe. Na simu ya kwanza akitua iwe ya kwako.

Nimalizie hapo, naona jua linatuita. Yule ngamia wa kilomita 40 kwa siku angechukua miezi miwili kutoka hapa mpaka Makka. Sisi tumerahisishiwa, kwa siku moja tunafika. Tushukuru, na shukrani mojawapo ni kuijua hesabu yake.

Ewe Mola wetu, wafikishe salama wote walio njiani, kwa barabara na kwa anga. Wakubalie saumu zao waliofunga, na wape wepesi wa kulipa waliokula. Warehemu wote tuliowapoteza katika barabara yetu hii. Turejeshee watoto wetu nyumbani wakiwa wazima. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.